Vumbi la Barabara ya Mtinko

Nyumba yetu ilikuwa tembe, na paa lake lilikuwa bapa, la udongo, kama matembe yote ya upande wetu. Mbele lilikuwa juu kuliko mtu, lakini nyuma nyumba iliegemea mwinuko, kiasi kwamba ukitoka zizini unainua mguu mara moja tu umefika paani. Huko ndiko tulikoanika uwele na mboga, na huko ndiko familia yetu ilikofanya mchezo wake. Sijui kama niuite mchezo. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyerusha kitu. Tulikaa kwenye mkeka tukatazama vumbi.

Barabara ya kutoka mjini kwenda Mtinko ilionekana kwa mbali, ng'ambo ya mashamba. Wakati wa kiangazi chochote kilichopita kilinyanyua vumbi, nasi tuliliona vumbi kabla ya kukiona chenyewe. Kisha barabara ilizama nyuma ya mawe makubwa, yale ya kwetu yaliyobebana kama mizigo, na kitu kilipotokea upande wa pili ndipo kilipojulikana. Kati ya vumbi na mawe palikuwa na muda. Starehe yetu yote ilikuwa ndani ya muda huo.

Sheria zilikuwa chache. Anayesema kwanza amekichukua kitu hicho, mwingine atafute chake. Ukishasema hubadilishi. Mshindi alipewa ukoko wa ugali wa siku ile, wote, hata kama ni mtu mzima. Nimemwona baba yangu, mwanaume aliyeheshimiwa mnadani, akila ukoko mbele ya mdogo wangu anayelia, akimwambia, "Lia vizuri mwanangu, hapo bado hujafika."

Kila mmoja alikuwa na namna yake. Baba alilala chali, kofia usoni, akauliza likoje, pana au jembamba, linakaa au linapotea, halafu akabashiri bila kuangalia. Mdogo wangu wa kike, wa miaka sita hivi, alisema punda kila siku ya Mungu. Bibi, mama yake baba, alikuwa na ukungu machoni, kwa hiyo yeye alichukua kisulisuli, ule upepo wa kuzunguka, na kwa kuwa upepo wa Singida haupumziki, alishinda mara nyingi kuliko alivyostahili.

"Mke mwenzangu," aliniambia, "wewe unaangalia kwa macho. Ndiyo maana unalala bila ukoko."

Lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyelijua vumbi kuliko wote. Nasema hivyo bila kujisifu; ningependa isiwe kweli. Nilikuwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, nimemaliza darasa la nne na sikuendelea, na sidhani kama kuna kitu kingine nilichokijua vizuri. Vumbi la ng'ombe ni pana, liko chini, linatambaa kama moshi wa shamba linalochomwa. La punda halifiki mbali. Kisulisuli husimama wima na huhama njia. Gari ni tofauti na vyote. Vumbi lake lina kichwa. Kichwa kinakimbia, mkia unabaki umesimama nyuma yake muda mrefu, na ukiangalia vizuri unaona mahali kichwa kinapoanzia.

Mama alibashiri mara chache. Yeye kazi yake ilikuwa kucheka. Alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, na ukimwona hivyo na wewe unaanza. Nimezaa, nimepata wajukuu, nimekaa kwenye nyumba zenye redio na baadaye televisheni, na bado sijaona watu wakifurahi vile kwa kitu kisichodai hata mtu anyanyuke.

Naandika haya nikifuta na kurudia. Mahali nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Mwaka wa operesheni mchezo ulianza kuharibika, ingawa hatukuuacha. Watu wa kwetu walikuwa wamekaa mbalimbali, kila tembe na mashamba yake, na sasa wote walitakiwa kuhamia kwenye kijiji kimoja kilichopimwa kando ya barabara. Jioni, kutoka paani, tulizoea kuona moshi wa majiko ya jirani. Ukapungua. Wiki moja ulikosekana upande wa kisimani, wiki nyingine upande wa mbuga. Ukipita kwenye tembe lililohamwa unakuta kuta zimesimama na paa limevutwa ndani, ili mwenyewe asirudi. Mbwa wengi waliachwa. Walianza kuja kwetu, wakalala chini ya ukuta wetu wa mbele, mbwa wa watu tuliowafahamu. Hawakubweka. Ukitokea mlangoni walinyanyua vichwa wote pamoja, wakakutazama, wakaviteremsha.

"Hawa wanangoja nini?" mama aliuliza siku moja.

"Wanangoja makombo," bibi akasema. Lakini alikuwa anawatupia mawe kila asubuhi, na kabla ya hapo sikuwahi kumwona akimtupia mbwa jiwe.

Niseme kwa haki kwamba baba hakuipinga operesheni. Mkutanoni alisema mbele ya watu kwamba anataka shule iliyo karibu na maji yasiyo ya kuchimba mchangani, na wengi walihama kwa hiari yao wakiimba. Baba aliomba muda tu. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Baada ya mdogo wangu alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto hakulia. Safari hii bibi, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa majirani wote, alisema mama asisogezwe, asipandishwe kwenye kitu kinachotikisika, na azalie nyumbani ili kondo ya nyuma izikwe pale zilipozikwa za baba na zetu. Nyumba nzima ilishikilia jambo hilo moja. Tulipika, tulichota maji, tulilisha ng'ombe, yote tukihesabu siku za mama.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mtu mwema. Tembe lake mwenyewe lilivunjwa la kwanza, ili awe mfano. Alikuja akasimama uani na kofia mkononi.

"Nimesema na katibu wa kata," alimwambia baba. "Mtangoja mpaka mama watoto ajifungue. Na siku arobaini zipite."

"Umesema naye kwa mdomo au kwa barua?"

"Ndugu yangu, unataka barua ya nini? Mdomo wangu hauutambui?"

Baba aliutambua. Hata hivyo alipanga mambo. Nyuma ya mawe, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye mimba, aliishi shangazi, dada yake baba, na kwake palikuwa ndani ya mpaka wa kijiji kipya, hapakuguswa. Gari likionekana, mama na bibi watoke kwa mlango wa zizini, wapite kijia cha kwenye mawe, wafike kwake taratibu. Hawakutaka kwenda mapema. Nyumba ambayo mwenye jiko ameondoka ilihesabiwa imehamwa, na paa lingevutwa hata kabla mtoto hajatoka. Kwa hiyo mama alitakiwa abaki hadi dakika ya mwisho, na dakika ya mwisho ilitakiwa ionekane kutoka paani.

Siku moja mdogo wangu, aliyekuwa hajawahi kusema kingine zaidi ya punda, alipiga kelele, "Gari!" Mama alisimama kwa ghafla, akashika tumbo, uso ukawa wa majivu. Kilikuwa kisulisuli. Bibi alimlaza ndani akamsugua kwa mafuta ya uvuguvugu hadi jua likazama, na mdogo wangu alijificha kwenye banda la ndama akikataa kula. Kesho yake baba alituita.

"Neno hilo halipandi tena juu ya paa," alisema. "Wote mmenisikia? Mtabashiri mengine yote. Ukiliona lenyewe, nyamaza, msogelee bibi, mwambie sikioni. Bibi atajua la kufanya."

Halafu akanigeukia mimi. "Hasa wewe. Wewe ndiye unayelijua."

"Ndiyo, baba."

Tuliendelea kubashiri. Sijui kwa nini hatukuacha. Pengine tungeacha ndipo mama angejua kwamba tunaogopa. Lakini siwezi kusema ilikuwa ni kwa ajili yake tu. Na sisi tulitaka. Punda, ng'ombe, baiskeli, kisulisuli, wanawake wa mnadani. Kila vumbi likitokea kulikuwa na kimya kidogo kabla ya mtu kusema, kimya ambacho zamani hakikuwepo, na kila mmoja alijifanya hakukisikia.

Siku yenyewe baba hakuwepo. Kila nyumba ilitakiwa itoe mtu wa kujenga kijijini, na zamu ilikuwa yake. Ilikuwa alasiri, saa tisa au saa kumi. Mama alikuwa hajapanda paani kwa siku nyingi, siku hiyo akasema anataka upepo. Bibi alikataa.

"Na huyo aliyemo tumboni naye anakuja kubashiri?"

"Anabashiri kuliko wewe, mama. Yeye hasemi kisulisuli kila siku."

"Haya, mlete. Akishinda ukoko atautafuna na nini?"

Wakapanda, mama akishikwa mkono huku na huku. Alilala kwenye mkeka, kichwa mapajani mwa bibi, na bibi akaanza kumsuka, mistari minene ya kukaa siku nyingi. Mdogo wangu alikaa miguuni. Mimi nilikaa ukingoni, miguu ikining'inia juu ya mbwa. Bibi alikuwa anasimulia jinsi baba alivyokuwa mtoto, alivyoanguka kutoka ukingo ule ule akaangukia mgongo wa ndama, na ndama akatoka naye mbio mpaka kisimani. Mama alikuwa ameanza kutikisika mabega.

Vumbi likatokea.

Naomba nieleze sawasawa nilichokiona. Lilikuwa pana kwa chini, kwa sababu upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwake na kulisukuma nyuma. Hapo mtu angeweza kusema ng'ombe. Lakini ndani ya upana ule nilidhani naona kichwa. Nilikiona, kikapotea, nikakiona tena. Nikageuka kumtazama bibi. Nilitakiwa nimsogelee, niseme sikioni. Lakini kichwa cha mama kilikuwa mapajani mwake, uso wake chini ya uso wa bibi, kiasi kwamba neno la kwenda kwa bibi lingepitia kwa mama kwanza. Na mama alikuwa anacheka. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni kwa ajili ya ndama yule. Sikumbuki mara nyingine mwaka ule alipocheka hivyo.

"Punda!" mdogo wangu akasema.

"Kisulisuli," mama akasema, akifuta macho.

"Mwizi wewe!" bibi akamvuta nywele. "Hicho ni changu, nimekula nacho miaka yote. Haya, mke mwenzangu, ulichobakiza ni nini?"

Nikasema, "Ng'ombe."

"Ng'ombe wa wapi leo?" mama akauliza. "Mnada ulikuwa juzi."

"Wamechelewa, mama."

Wakacheka wote, hata mimi nikacheka. Bibi akaendelea kusuka. Nilijiambia kwamba likifika kwenye mti ule wa miiba nitaliona vizuri, ndipo nitamwambia bibi. Likafika kwenye mti wa miiba, na nikajiambia likifika kwenye mtelemko. Mpaka leo sijui kama nilikosea au nilidanganya. Nimejiuliza hivi mara nyingi mno, na jibu linabadilika kufuatana na siku nilivyoamka. Ninachokijua ni kwamba muda uliokuwepo ungemtosha mama kufika angalau kwenye mawe, na niliutumia wote nikitazama.

Likazama nyuma ya mawe. Sauti ya injini ilitufikia wakati ule tu, yote kwa pamoja. Mbwa wakainuka, wakaondoka mmoja mmoja kuelekea mashambani, bila kukimbia.

Lilikuwa lori. Nyuma walisimama mgambo, labda watano, na mbele, pembeni ya dereva, alikaa balozi. Alishuka akatukuta bado tuko juu, mama ameketi, nywele upande mmoja zimesukwa na upande mwingine zimesimama.

"Shikamoo, mama," balozi alimwambia bibi.

"Marahaba. Umekuja na wageni."

"Nimekuja nao."

"Ulisema arobaini."

"Nilisema, mama. Nilisema na huko pia." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Wanasema wiki hii upande huu uishe. Nilisema hata jana. Hawakunisikia."

Namwamini. Wengine wa kwetu hawakumwamini hadi alipokufa, lakini mimi nilimwona uso. Na mgambo nao niwaseme walivyokuwa. Mmoja alikuwa mkali, alimsukuma bibi begani. Wengine walibeba vyungu vyetu kwa uangalifu kuliko ambavyo ningevibeba mimi. Dereva alipanga magunia ya uwele kwa mkono wake, akatandika blanketi lake mwenyewe juu, akamwambia mama, "Kaa hapa, dada, nitakwenda polepole." Na alikwenda polepole. Barabara tu ndiyo iliyokuwa mbaya.

Kabla hatujaondoka walivuta nguzo. Paa liliingia ndani kwa mara moja, likatoa vumbi likatufunika sote, tukakohoa. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu yangu ameshika kibuyu.

"Sasa ukoko ni wa nani?" aliniuliza. "Hamna aliyesema hilo."

Nilimpokea kile kibuyu, nikampandisha kwenye lori.

Mama alishikwa na uchungu njiani, kabla hatujapita mawe. Hakusema. Bibi ndiye aliyeona anavyouma ncha ya kanga. Kijijini viwanja vilikuwa vimepangwa mistari, kila kimoja na vigingi vinne, na kwenye chetu baba alikuwa ameanza kibanda cha mabua. Aliona lori likija, akaona nani yuko juu yake, akaweka panga chini. Alipotushusha alinitazama. Nilingoja aniulize. Hakuuliza siku ile wala siku nyingine yoyote ya maisha yake, na sikuwahi kujua kama ni kwa huruma au ni kwa sababu alikwishajijibu.

Mtoto alizaliwa siku ya tatu, asubuhi. Alikuwa wa kiume, mkubwa, mwenye nywele. Hakulia.

Hapa ndipo ninapotakiwa kuwa mwangalifu zaidi. Wale wawili wa kwanza walifia ndani ya tembe lile lile, mikononi mwa bibi yule yule, bila lori wala mgambo. Labda na huyu ingekuwa hivyo hata angezaliwa kwa shangazi. Labda hakuna aliyemuua. Pia zahanati waliyotuahidi ilijengwa kweli, baada ya miaka, na watoto wangu wote wanne wamezaliwa pale wakilia. Mtu akisema operesheni ilikuwa mbaya tupu, simkubalii. Mtu akisema ilikuwa njema, namwangalia tu. Na mtu akiniambia mimi sikuwa na kosa kwa sababu nilikuwa mtoto, namwambia mtoto yule alikuwa analijua vumbi.

Bibi aliweka kondo kwenye chungu akarudi nayo kwa miguu hadi kwenye magofu yetu, akaizika zilipo nyingine. Kurudi kule kulikatazwa. Mgambo mmoja alikutana naye njiani, akaona chungu, akasimama kando akampisha.

Kijijini hatukubashiri tena. Nyumba zilikuwa za nyasi, zenye paa la mgongo, hakuna mahali pa kukaa. Lakini hata pangekuwepo, nadhani hakuna ambaye angepanda wa kwanza.

Mwaka uliofuata, wakati wa viazi, nilikuwa na mama nje ya nyumba, tunamenya vya kuanika. Alikuwa amekonda lakini ana nguvu. Bila kunitazama akasema, "Siku ile uliona nini?"

"Siku gani, mama?"

"Usinizungushe."

Nikaweka kisu chini. "Niliona gari."

Alimaliza kumenya kiazi alichokishika, akakitupa kwenye beseni, akachukua kingine.

"Hata mimi," alisema.

"Uliona?"

"Kichwa changu kilielekea barabarani. Nililiona wewe bado unamcheka ndama."

"Sasa mbona ulisema kisulisuli?"

"Nilikuwa nimelala vizuri," alisema. "Mimba ile yote sikuwahi kulala vizuri hivyo. Nikasema, ngoja kidogo." Kisha akaniambia nichukue kisu, viazi vinageuka vyeusi.

Hakurudia maneno yale, wala mimi sikumuuliza tena hadi alipofariki. Mama alikuwa mtu wa kweli. Sikuwahi kumkamata na uongo hata mdogo. Lakini pia alikuwa mtu ambaye, akikuona umebeba mzigo mzito, alikuja upande wa pili akaushika bila kukuambia. Nimeandika alivyosema. Kama ilikuwa kweli, basi tulikuwa wawili tulioona tukanyamaza. Kama alinionea huruma, basi nilikuwa peke yangu, na yeye alijua tangu mwanzo.